Herufi Iliyokwama

Wete, Limbani, saa tatu za usiku.
Umeme umerudi baada ya kukatika mara ya pili
na kompyuta ya baba imewaka ikiamini
leo ni Januari mosi, elfu mbili na sita.

Kila umeme ukikatika hurudi hapo.
Asaa, fundi wa simu pale sokoni, alinambia:
"Ni betri, ile ya duara, kama shilingi ya zamani.
Imekufa. Mashine haina tena cha kukumbukia."
Elfu tatu tu. Tangu Rajabu naahidi kupita.

Lakini hilo si la usiku huu.
Usiku huu ni kibodi:
a haitoki.

Nabonyeza kwa kidole, kwa ukucha, kwa kifundo.
Ingekuwa q, nani angejua?
Ingekuwa x, ningeishi nayo mpaka kiama.
Lakini a, yakhe!
Katika lugha hii isiyoweza hata kusema hapana
bila ya kufungua kinywa mara tatu.

Ni orodha ya mikarafuu ya Mtambwe.
Kadhi anaitaka Jumatatu, nakala tatu.
Kaka yangu Kombo anaitaka jana.
Kwenye kioo yanatoka haya:

Shmb l bb.
Mikrfuu robini n mbili.
Mm: thumuni.

Neno moja tu limetoka zima.

"Umeniandika vipi?" anauliza mama kutoka kitandani.
"Mm," najibu.
Amenyamaza. Ameridhika, au hakuridhika;
kwa mama sauti ni hiyo hiyo.

Nampigia Asaa. Yumo kwenye kula:
"Izime kwa adabu, usichomoe tu kama jino.
Hesabu thalathini.
Waya wa kibodi uko nyuma, utoe, upulize,
uchomeke tundu la pili."
Nimehesabu. Nimepuliza:
vumbi, na mguu mmoja wa mende.
Nimewasha. Wapi.

"Jaribu kibodi ya mtu mwengine."
Raya akakimbia kwa jirani, akarudi nayo kwapani.
a ikatoka, nyeupe ya meno, aaaaaa,
na wenyewe wakaja kuidai
kabla sijamaliza mstari.
"Basi mashine haina hatia," akasema Asaa,
akakata simu kama hakimu.

Nikafungua faili la zamani, barua ya baba
kwa bwana mkubwa wa kituo cha kununulia karafuu,
analalamikia mizani.
Nikanakili a moja tu, ile ya "wako mtiifu Shaame",
nikaibandika kwenye "mama".
Mara mbili.
Kisha kwenye "shamba", kwenye "baba",
kwenye "haki", ambayo bila ya a
ilikuwa kama mtu anayekohoa.
Kila a ya orodha hii nimeikopa kwake.
Kufika mti wa kumi na saba
mkono ukachoka na deni.

Nikachukua mkia wa kijiko.
Raya akashika tochi ya simu.
Kitufe kikaruka, tak, kikaingia chini ya kabati,
na pale chini palikuwa na karafuu.
Moja. Kavu, kichwa chake kizima,
kikonyo kimeinama kama kilichotaka kujificha.

Alikuwa akichambua huku akiandika.
Mama akimgombeza: jamvi lipo uani, kwa nini mezani?

Nimeiweka kwenye kisahani. Hainuki tena,
au pua yangu ndiyo haiko sawa usiku huu.
Kitufe tumekipata, nimekibana, kimeitika.
a. a. a.

Nimehifadhi. Mashine imeandika pembeni
kwa uaminifu wake wote wa kijinga:
Januari mosi, elfu mbili na sita.

Kadhi ataniuliza, na atakuwa na haki:
vipi mumrithi mtu, naye tarehe hiyo
yuko juu ya ngazi Mtambwe,
anapiga kelele aletewe kamba?

Kesho sokoni, elfu tatu.
Au keshokutwa.

Mama ameketi. Anataka asomewe.
"Soma polepole," anasema,
"na uanze na miti, usianze na mimi."